Bima imekataa kulipia matibabu? Anza na faili lako

Katika safu hii tumezoea kuzungumzia maji ya kunywa, vyoo na homa za watoto. Leo tuzungumzie karatasi, kwani nimeshuhudia familia ikikaribia kuuza kiwanja kwa sababu ya maneno machache yaliyoandikwa vibaya hospitalini. Na aliyeyaandika ni mimi.

Mama mmoja mwenye watoto wanne aliletwa usiku katika hospitali binafsi niliyokuwa nikifanya kazi. Kichwa kilimuuma sana, macho hayaoni vizuri. Presha ilisoma 190 kwa 115. Nikamuuliza, "Mama, presha unayo?" Akajibu, "Ninayo." Alikuwa na maana kwamba nesi amempima muda huo huo na kumwambia anayo. Mimi, foleni ikiwa imefika mlangoni, nikaandika kuwa ni mgonjwa wa presha wa siku nyingi. Alilazwa siku tatu, akapata nafuu, alhamdulillah.

Mumewe ameajiriwa katika kampuni, na familia ilikuwa imekatiwa bima miezi mitano tu nyuma. Hospitali ilipopeleka madai, jibu likaja: hatulipi, ugonjwa ulikuwepo kabla ya kujiunga. Na kweli mkataba ulisema kuwa magonjwa ya namna hiyo hayalipiwi mwaka wa kwanza. Bili ikamwangukia mume. Yule bwana hakubishana hata kidogo, aliona bima ikishasema hapana ni kama hukumu ya kadhi. Alikuja kwangu kuniuliza tu kama hospitali ingeweza kumsubiri auze kiwanja.

Nikamuuliza, barua ya kukataliwa iko wapi? Hana. Ameambiwa kwa mdomo pale dirishani. Hapa ndipo tunapokosea wengi. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ile ya 282 ya Suratul Baqarah, inahusu kuandika madeni. Tuliihifadhi madrasa kwa taabu, lakini tukifika mbele ya karani tunatosheka na maneno. Dai upewe sababu kwa maandishi, yenye tarehe na kifungu cha mkataba kilichotumika. Bila ya hiyo hujui unapinga nini.

Barua ilipokuja tukafungua faili, na sababu yote ilikuwa ni mwandiko wangu. Niliona aibu. Rekodi ya mgonjwa haifutwi wala haipakwi wino mweupe. Sahihisho huandikwa chini yake, likawa na tarehe, jina na sahihi ya aliyesahihisha. Nikafanya hivyo, nikaandika na barua ya maelezo, mganga mfawidhi naye akaisaini. Lakini barua yangu peke yake ingeonekana ni ya kumbeba mgonjwa. Kilichotusaidia ni kadi ya kliniki ya wajawazito, ambayo yule mama aliitunza kabatini pamoja na vyeti vya watoto. Mtoto wa mwisho alikuwa na miaka miwili, na katika kila hudhurio presha ya mama iliandikwa: 110 kwa 70, 120 kwa 80. Haikuthibitisha kila kitu, ila ilionyesha kuwa huyu si mgonjwa wa siku nyingi kama nilivyodai. Akina mama, kadi hizo msizitupe wala msiwape watoto wachezee.

Kampuni ilichukua wiki sita. Ikalipa kitanda, dawa na vipimo, isipokuwa kipimo kimoja ambacho hakikuwemo katika mkataba. Hicho mume alikilipia mwenyewe, na walikuwa na haki kukikataa.

Nieleweke hapa. Si kila kukataliwa ni dhuluma. Lau presha ingekuwa ya siku nyingi kweli, nisingeandika vinginevyo, kwani huo ni ushahidi wa uongo, sawa na kumwazima shemeji kadi yako akatibiwe kwa jina lako. Wapo wanaotuomba mambo haya, tena baada ya swala.

Kampuni binafsi ikishikilia msimamo wake baada ya wewe kuiandikia, unaweza kupeleka malalamiko Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA), au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Peleka nakala, halisi baki nazo. Kwa wanachama wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, matatizo mengi niliyokutana nayo dirishani ni mwajiri kutopeleka michango, au jina la mtegemezi kutofautiana na cheti cha kuzaliwa. Hayo daktari hawezi kuyatatua. Nenda kwa mwajiri kwanza, kisha ofisi ya mfuko ya mkoa wako.

Jambo moja lilinisikitisha. Wakati mumewe anahangaika na barua, yule mama aliacha dawa wiki mbili kwa kuogopa gharama. Alipokuja nilimkuta na 170 kwa 100. Kumbe dawa za kawaida za presha zinapatikana hata katika zahanati za serikali, na bei yake si ya kutisha. Mgogoro wa bima unaweza kuchukua miezi. Vidonge vimezwe kila siku, na presha ipimwe kila mwezi, barua ijibiwe au isijibiwe.