Kikulacho ki hodhini: Jinsi ya kuwakabili waharibifu wa matumbawe yanayofugwa nyumbani

Na MWANDISHI WETU

WAHENGA walinena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Kwa mtu aliyetumia miaka mitatu akikuza matumbawe ndani ya hodhi la kioo sebuleni mwake, methali hiyo huwa kweli tupu siku atakapoamka na kulikuta tawi lililokuwa la samawati limepauka, likiwa na madoa madogo ya duara kana kwamba limedonolewa. Hupima maji, akaona chumvi ni ile ile. Hutazama kipimajoto, akaona hakuna badiliko. Taa nazo zinawaka kama kawaida. Majuma machache baadaye, tawi lile hubaki mfupa mweupe.

Adui wa aina hii hakuvunja mlango. Aghalabu huwa ameletwa na mwenye hodhi mwenyewe, akiwa amejificha chini ya kipande kipya cha tumbawe kilichonunuliwa kwa fedha nyingi.

Burudani ya kufuga matumbawe imeenea zaidi Marekani, Ulaya na Japani, na ina wafuasi pia katika nchi za Ghuba. Hata hivyo, sisi wakazi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kuifahamu. Samaki wa mapambo kutoka pwani ya Kenya wamekuwa wakisafirishwa kwa ndege hadi katika mahodhi hayo kwa miaka mingi, na maradhi ya hodhi yanatufunza mengi kuhusu miamba yetu wenyewe.

Kwa nini wadudu hushinda hodhini

Baharini, kila mlaji ana mlaji wake. Mnyoo anayetafuna tumbawe hutafutwa na samaki, kamba na kaa, usiku na mchana. Ndani ya hodhi hali ni tofauti. Mnyoo mmoja akiingia pasipo adui yeyote, huku matumbawe anayoyapenda yakiwa yamepangwa karibu karibu, hana la kufanya ila kula na kuzaana.

Jambo hili halihitaji safari ya ng'ambo ili kulielewa. Mnamo 1990, mtafiti Tim McClanahan na mwenzake walichapisha utafiti kuhusu vidimbwi vya miamba ya Kenya. Walionyesha kwamba mahali samaki walipovuliwa kupita kiasi, wakiwemo vikande wenye meno ya kuvunja magamba, wale viumbe wenye miiba mirefu wanaowachoma waogeleaji miguuni waliongezeka mno na kuuguguna mwamba. Ndani ya hifadhi, ambako vikande walisalia, idadi yao ilikuwa ndogo. Hodhi la nyumbani ni mfano wa mwamba uliovuliwa samaki wote wa ulinzi.

Mnyoo bapa, mharibifu mkuu

Miongoni mwa waharibifu wote, anayeogopwa zaidi ni mnyoo bapa anayekula matumbawe ya matawi ya jamii ya Acropora. Wafugaji walimfahamu kwa miaka kadhaa kabla ya wanasayansi kumpa jina rasmi mwaka wa 2011. Ajabu ni kwamba alielezwa kutokana na vielelezo vya mahodhini, na ripoti ya kwanza ya kupatikana kwake baharini, katika Mwamba Mkuu wa Australia, ilitolewa mwaka uliofuata. Leo anaitwa Prosthiostomum acroporae.

Ugumu wa kumwona unatokana na mlo wake. Hula nyama ya tumbawe pamoja na rangi yake, kisha rangi hiyo huonekana ndani ya mwili wake mwembamba, naye akafanana na tawi alilolalia. Dalili ya kuaminika ni yale madoa ya duara yaliyopauka, hasa sehemu ya chini ya tawi isiyopata mwanga. Hapo hapo, juu ya mfupa uliokwisha kuliwa, hutaga mayai ya rangi ya kahawia yaliyoshikamana kama chembe za mchanga.

Mayai hayo ndiyo kiini cha tatizo. Yamefunikwa kwa ganda gumu ambalo dawa nyingi haziwezi kulipenya. Mfugaji huchovya tumbawe lake katika dawa, minyoo ikaanguka kama majani makavu, naye akafurahi. Baada ya majuma mawili au matatu, kwa kutegemea joto la maji, mayai huanguliwa na vita vikaanza upya. Wengi waliokata tamaa walishindwa kwa sababu waliacha tiba mapema.

Wengine wa kuchunga

Si kila dalili ni ya mnyoo bapa. Matumbawe ya jamii ya Montipora, ambayo mengi hukua kama sahani au ganda, hushambuliwa na konokono mdogo wa bahari asiye na gamba, mweupe mwenye vishungi mgongoni. Spishi hiyo ilipewa jina rasmi, Phestilla subodiosa, mwaka wa 2020. Huonekana zaidi usiku, kwa tochi, akiwa mpakani mwa sehemu hai na sehemu iliyokufa.

Wapo pia wadudu wekundu, Tegastes acroporanus. Hawa ni jamaa wa kamba, lakini ukubwa wao ni kama nusu milimita tu. Bila lenzi ya kukuza, utaona tu kwamba tumbawe limefifia na vijimkono vyake havitoki. Konokono wenye gamba wa jamii ya Drupella, wanaopatikana pia katika Bahari ya Hindi, ni wakubwa zaidi na huweza kuondolewa kwa mkono.

Mwisho ni Aiptasia, anemoni wa rangi ya kahawia mfano wa mnazi mdogo. Huyu hali matumbawe, bali huyachoma na kuyanyang'anya nafasi. Kosa kubwa ni kumkwangua kwa kisu, kwani kipande kidogo cha nyayo yake kikisalia jiweni huota anemoni mpya.

Tiba hatua kwa hatua

Kinga ni bora kuliko tiba, na kinga hapa ni karantini. Kila tumbawe jipya, hata likitoka kwa rafiki mwaminifu, halina budi kukaa katika hodhi dogo la pembeni kwa majuma sita au zaidi, likichunguzwa mara kwa mara.

Kabla ya kuliingiza huko, tumbawe hukaguliwa kwa lenzi. Kile kigingi au kijiwe lililogundishwa juu yake ni heri kikatwe na kutupwa, kwa kuwa mayai mengi hujificha hapo. Mayai yanayoonekana hukwanguliwa kwa wembe au mswaki mgumu. Sehemu iliyokwisha kufa hukatwa.

Kisha huja kuchovya. Tayarisha ndoo mbili za maji yaliyotekwa kutoka hodhini, yenye joto na chumvi ile ile. Ya kwanza hutiwa dawa ya kuchovya matumbawe kwa kipimo kilichoandikwa chupani. Wengine hutumia myeyusho wa iodini. Tumbawe hukaa humo kwa muda ulioelekezwa, ambao kwa dawa nyingi ni dakika tano hadi kumi na tano. Wakati huo lipulizie maji kwa bomba dogo, kila upande, ili minyoo iliyolegea ianguke. Hamia ndoo ya pili, lisuuze vyema, ndipo ulirudishe karantini. Maji ya dawa hayarudishwi hodhini kamwe.

Zoezi hilo hurudiwa kila juma, kwa majuma sita hivi, ili kila kizazi kinachoanguliwa kinaswe kabla hakijakomaa na kutaga. Endapo mnyoo bapa amekwisha kuingia katika hodhi kubwa, matumbawe yote ya Acropora huondolewa na kutibiwa kando. Kwa kuwa mnyoo huyo hutegemea chakula hicho kimoja, hodhi lililokaa bila Acropora kwa miezi miwili au zaidi humfisha kwa njaa.

Kwa wadudu wekundu, wafugaji wa Marekani wamekuwa wakitumia milbemycin oxime, dawa ya kuwakinga mbwa dhidi ya minyoo ya moyo, ambayo huko hutolewa kwa idhini ya daktari wa mifugo. Kumbuka kwamba dawa inayomuua mdudu huyo haimbagui jamaa yake. Kamba na kaa wa mapambo wasipohamishwa kwanza, hufa pamoja naye.

Aiptasia hufunikwa kwa uji mzito wa chokaa ya hodhini akiwa bado amejikunjua, au huachiwa maadui wake: kamba wa jamii ya Lysmata, kitatange mwenye mdomo mrefu, au konokono asiye na gamba aitwaye Berghia, asiyekula kitu kingine chochote. Maadui husaidia hata kwa minyoo bapa. Utafiti uliofanywa Australia na kuchapishwa mwaka wa 2020 ulionyesha kuwa samaki mdogo mwenye mistari sita, Pseudocheilinus hexataenia, hula minyoo hiyo, na kwamba kamba wa Lysmata vittata hula minyoo pamoja na mayai yake. Lakini hawa ni walinzi tu. Hawachukui nafasi ya karantini.

Hatari kwa binadamu

Kuna baadhi ya wafugaji wanaochovya matumbawe katika dawa za kuulia wadudu wa bustani. Dawa hizo hazikutengenezwa kwa kazi hiyo. Anayezishika bila glavu anajidhuru, na anayezimwaga katika mtaro unaoelekea baharini anawadhuru kamba na kaa wa watu wengine.

Hatari kubwa zaidi imo katika baadhi ya viumbe vyenyewe. Aina kadhaa za Palythoa, viumbe laini wanaofanana na vifungo vya nguo, hubeba sumu kali iitwayo palytoxin. Mwaka wa 2018, watu wa familia moja katika kijiji cha Steventon, nchini Uingereza, walipelekwa hospitalini baada ya sumu hiyo kuenea nyumbani walipokuwa wakisafisha hodhi. Moto hauiondoi. Kwa hivyo yeyote anayedhani kwamba njia ya mkato ya kuua wadudu ni kuchemsha mawe ya hodhi, au kuyasugua kwa maji ya moto, anaweza kuijaza nyumba mvuke wenye sumu. Glavu na miwani ya kukinga macho ni lazima, na watoto wakae mbali. Homa, kikohozi na kukosa pumzi baada ya kazi hiyo ni sababu ya kukimbilia hospitali na kumweleza daktari ulichokuwa ukikishika.

Fundisho kwa mwamba wetu

Msomaji wa Malindi au Shimoni asije akavutiwa na makala haya akaenda kuvunja tumbawe baharini. Matumbawe yote magumu yanalindwa na mkataba wa kimataifa wa CITES, na katika hifadhi zetu za bahari, zikiwemo Malindi na Watamu zilizoanzishwa mwaka wa 1968, ni hatia kuondoa hata kipande kimoja.

Vivyo hivyo, aliyechoshwa na hodhi lake asilimwage baharini. Samaki simba, ambaye asili yake ni Bahari ya Hindi na Pasifiki, alionekana Florida mwaka wa 1985, na inaaminika alitoka mikononi mwa wafugaji. Leo ametapakaa katika Karibea, akila samaki wachanga wa huko.

Mwenye hodhi anaweza kutoa matawi yake moja baada ya jingine, akayaosha, akayakagua kwa lenzi, akayarudisha. Mwamba wa bahari hauchovywi ndooni. Dawa yake ni wale vikande na wenzao, na wao huponya iwapo tu tutawaacha wakiwa hai majini.