Nyuzi Nene Hazimfanyi Mtu Kuwa Kiongozi wa Bendi

Stevie Ray Vaughan, mpiga bluzi wa Texas, alipiga gitaa la umeme lenye nyuzi nene kupita kawaida. Uzi wake wa kwanza, ule mwembamba kuliko zote, mara nyingi ulikuwa na kipenyo cha milimita 0.33, ilhali wapiga gitaa wengi wa roki hufunga wa milimita 0.23 au 0.25. Habari hiyo ni ya kweli, na ndiyo iliyozaa swali ambalo walimu na mafundi wa magitaa wamelijibu hadi kuchoka: zinunuliwe nyuzi gani ili gitaa litoe sauti kama yake? Swali hilo limekosewa tangu mzizi. Anayeliuliza amemwona kijana wa Dallas akiwa tayari amesimama mbele ya bendi yake, akadhani kilichomfikisha pale kinauzwa dukani ndani ya pakiti.

Hesabu ya uzi haina fumbo. Noti ikiwa ileile, mvuto wa uzi huongezeka kwa mraba wa kipenyo chake. Kwenye gitaa la Stratocaster, ambalo uzi wake hupigwa kwa urefu wa karibu sentimita 65, uzi wa milimita 0.25 uliokazwa hadi noti ya E huvuta kwa nguvu ya kilo 7.4 hivi. Uzi wa milimita 0.33 kwa noti hiyohiyo huvuta kwa kilo 12.5. Vaughan aliteremsha tyuni ya nyuzi zote kwa nusu toni, jambo linalopunguza mvuto kwa takribani asilimia 11. Bado zilibaki kilo 11 kwenye uzi mmoja tu. Mwanafunzi anayesikia habari za unene lakini asisikie za kuteremsha tyuni hujibebesha kilo 5 za ziada kwenye uzi wa kwanza, na nyuzi nyingine tano nazo zinasubiri.

Madhara yake huonekana pale bluzi inapoishi, yaani kwenye kuvuta uzi. Mpiga bluzi husukuma uzi kando juu ya freti mpaka noti ipande toni nzima, wakati mwingine toni moja na nusu, na noti hiyo inapaswa kutua palepale mwimbaji angeituliza. Uzi mnene unadai nguvu zaidi kwa karibu theluthi mbili. Kidole cha anayejifunza hakifiki. Noti inaishia chini kidogo ya mahali pake, leo, kesho na mtondo, na baada ya miezi kadhaa sikio lenyewe linaizoea ile noti iliyokosewa. Vidole vikikosea kwa kukosa nguvu, kosa linarekebishika. Sikio likishazoea kosa, kazi ya kulirudisha ni ndefu mno, na wengi hawarudi.

Gitaa nalo linaumia. Shingo iliyorekebishwa kwa nyuzi nyembamba hupinda mbele, nyuzi zikawa juu mno ya freti, na vijia vya pale kichwani mwa shingo huwa vyembamba kuliko uzi, hivyo uzi hukwama na tyuni kupotea kila unapovutwa. Fundi akiletewa gitaa la namna hiyo hana haja ya kuuliza mwenyewe anampenda nani.

Kibaya zaidi ni ushauri unaofuatana na nyuzi hizo: vumilia, vidole vitakomaa. Ngozi ya ncha za vidole hukomaa kweli. Kano za mkono hazikomai kama ngozi. Maumivu ya kifundo cha mkono au ya ndani ya kiwiko ni amri ya kuacha kupiga, na anayemwambia kijana ayapuuze anamharibia chombo pekee kisichouzwa popote. Vaughan mwenyewe, mwenye mikono mikubwa na mazoezi ya tangu utotoni, alichanika ngozi ya vidole mara kwa mara, akawa anaibandika kwa gundi kali ili amalize onyesho. Watu huisimulia habari hiyo kama sifa, nayo ni taarifa ya jeraha. Miaka ya baadaye fundi wake wa magitaa, Rene Martinez, alimshawishi apunguze unene wa uzi wa kwanza.

Uzi mnene unatoa nini basi? Mambo mawili. Chuma kingi juu ya pikapu hutoa mawimbi yenye nguvu kidogo zaidi. Tofauti hiyo huzibwa kwa kugeuza kitufe cha amplifaya. La pili lina uzito: uzi mnene hauyumbishi noti yake unapopigwa kwa nguvu sana, na Vaughan alipiga kwa nguvu sana, kwa mkono wote kuanzia kiwiko, akitumia ile pembe butu ya kiplastiki cha kupigia badala ya ncha. Nyuzi zilichaguliwa ili zistahimili mkono uliokuwapo tayari. Anayefunga nyuzi hizo akisubiri mkono huo umjie ameanzia mwisho.

Mashahidi ni wengi. B.B. King, ambaye noti yake moja ilitosha kumtambulisha, alitumia uzi wa kwanza wa milimita 0.25. Billy Gibbons wa ZZ Top, Mtexas vilevile, ameshuka hadi karibu milimita 0.18, na hakuna anayeisikiliza bendi hiyo akalalamika kwamba gitaa ni jembamba. Shahidi mkubwa kuliko hao ni Jimmie Vaughan, kaka yake Stevie, aliyemzidi kwa miaka mitatu na nusu: nyumba moja, santuri zilezile, mji uleule, na bado Jimmie akawa mpigaji wa noti chache na nafasi pana, wakati mdogo wake alijaza kila nafasi. Lile Stratocaster maarufu la Stevie halisaidii pia hoja ya anayetafuta sauti dukani. Lilikuwa gitaa lililokwishatumika, alilolipata kwenye duka la muziki mjini Austin katikati ya miaka ya 1970, likiwa na vipande vya miaka tofauti. Sehemu ya albamu yake ya kwanza ilirekodiwa kupitia amplifaya aliyoikuta studio. Sauti ilikuwa yake hata hivyo.

Njia aliyopita inajulikana, na haina mkato. Alizaliwa Dallas, Texas, tarehe 3 Oktoba 1954, akakulia mtaa wa Oak Cliff, na akapata gitaa lake la kwanza, la kuchezea watoto, akiwa na miaka 7. Hakusoma noti. Alijifunza kwa sikio, akikopi santuri, nyingi zikiwa za Jimmie: Albert King, Muddy Waters, B.B. King, Lonnie Mack na Jimi Hendrix. Katika bendi mojawapo ya mwanzo, ya kaka yake, alipewa besi, wala si gitaa. Wanaodharau besi wapatafakari hapo, kwa sababu mpiga besi hulazimika kujua wimbo unakwenda wapi kabla haujafika.

Aliacha shule ya sekondari, akahamia Austin mwanzoni mwa 1972 akiwa na miaka 17. Ikafuata karibu miaka sita ya kuwa mtu wa pembeni. Katika bendi ya Nightcrawlers alisimama karibu na Doyle Bramhall, mpiga dramu aliyeimba kwa sauti nzito ya kukwaruza. Uimbaji wa Vaughan una alama ya Bramhall waziwazi, na wawili hao waliendelea kutunga pamoja kwa miaka mingi. Albamu waliyorekodi 1973 ilikataliwa na kampuni. Kisha akawa mpiga gitaa wa Paul Ray and the Cobras hadi 1977, bendi ya vilabu iliyopiga kila wiki kwa watu waliotaka kucheza. Kupiga kwa wachezaji kunafundisha jambo ambalo chumba cha kulala hakifundishi: solo ikiwa ndefu mno, watu wanakaa.

Mwaka 1975 Clifford Antone alifungua klabu ya Antone's mjini Austin, na mabingwa wa bluzi wa Chicago na Memphis wakaanza kuja kupiga humo. Huko ndiko Albert King alikomruhusu Vaughan apande jukwaani naye. Kijana aliyekuwa akikopi santuri sasa alipiga karibu na mkono wenyewe, akaona namna King alivyoziacha noti zipumue. Mwanafunzi wa leo mwenye video elfu kwenye simu hana hata usiku mmoja wa namna hiyo asipotoka nyumbani kwenda kuwatafuta wakubwa wa mji wake.

Uongozi ulimjia kwa kubaki. Mwaka 1977 ilianzishwa Triple Threat Revue, yenye viongozi kadhaa: yeye, mwimbaji Lou Ann Barton, na W.C. Clark, mpiga gitaa mkongwe wa Austin aliyeacha kazi ya ufundi magari ili apige besi. Clark akaondoka, mpiga kinanda Mike Kindred naye akaondoka, na mwaka 1978 waliobaki wakajiita Double Trouble, jina la wimbo wa Otis Rush. Chris Layton akashika dramu. Mwishoni mwa 1979 Barton alijitoa, na hapo mpiga gitaa akalazimika kuimba usiku mzima. Siku hiyo ndiyo ya kuulizia, wala si siku aliyofunga nyuzi nene. Bendi ya bluzi bila mwimbaji haiajiriwi. Mpiga gitaa asiyeimba hubaki chini ya huruma ya anayeimba. Januari 1981 Tommy Shannon, aliyewahi kupiga besi na Johnny Winter, akashika besi katika bendi hiyo ya watu watatu.

Katika bendi ya watatu hakuna pa kujificha. Kazi ambayo bendi nyingi huwagawia mpiga solo na mpiga rithimu inafanywa na mikono miwili. Sikiliza mwendo wake wa shafo: kila pigo limegawanywa sehemu tatu, ya kwanza na ya tatu zinasikika, noti za chini zinatembea kama besi, na katikati mkono wa kulia unafagia nyuzi zote huku wa kushoto ukiziziba zile zisizotakiwa. Unene wa sauti unaosifiwa unatoka humo, kwenye rithimu isiyokatika hata anaposhika solo.

Tarehe 17 Julai 1982 walipiga kwenye tamasha la Montreux, Uswisi, bila kuwa na albamu, na sehemu ya watazamaji iliwazomea. David Bowie aliwaona huko. Mwanamuziki Jackson Browne akawapa studio yake ya Los Angeles bila malipo. Novemba mwaka huo walirekodi kwa siku tatu, karibu yote wakipiga kwa pamoja kama jukwaani, kwa sababu nyimbo zile walikuwa wamezipiga vilabuni kwa miaka. Mtayarishaji John Hammond akaisimamia kazi hiyo kuingia kampuni ya Epic, na albamu hiyo ya kwanza, Texas Flood, ikatoka Juni 1983. Kiongozi wa bendi alikuwa na miaka 28. Alipiga gitaa pia kwenye albamu ya Bowie, Let's Dance, kisha akakataa kwenda ziarani naye, akarudi kwa Layton na Shannon.

Wapo wanaoongeza kwamba pombe na kokeini vilimpa moto. Mwaka 1986 vilimwangusha akiwa ziarani Ulaya, akaingia matibabu, akaacha kabisa. In Step, albamu ya 1989 aliyoirekodi baada ya kuviacha, ilishinda Grammy. Alikufa kwa ajali ya helikopta tarehe 27 Agosti 1990, akiwa na miaka 35.

Kwa anayetaka kuanza: funga seti yenye uzi wa kwanza wa milimita 0.23 au 0.25, na ukipenda ulegevu teremsha nusu toni; usipande unene mpaka kila noti unayoivuta ilingane na ileile iliyopigwa bila kuvuta freti mbili mbele. Piga rithimu muda mrefu kuliko solo, kwa metronomu ya simu. Jirekodi na ujisikilize. Shika besi kwa miezi michache katika bendi ya mwingine. Jifunze kuimba nyimbo 20 na uzipange kwenye ufunguo wa sauti yako, si wa vidole vyako. Tafuta mpiga dramu kabla ya kutafuta pedali. Ukishika bendi, hesabu mwendo wewe mwenyewe kabla ya kila wimbo, onyesha kwa kichwa wimbo unapokatika na unapoisha, patana malipo na mwenye ukumbi kabla ya kufunga vyombo, na walipe wenzako usiku uleule.