Mzigo wa mwenzio usiwe kanda la usufi

Wahenga walinena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Methali hii ilinijia Jumamosi moja alfajiri, nilipokuwa nikisubiri matatu kando ya barabara ya Juja, karibu na njia ya kuingilia Huruma. Kundi la waumini wa kanisa moja la mtaani mwetu lilinipita likielekea mjini kwa miguu, wake kwa waume, vijana kwa wazee. Kila mmoja alikuwa ameahidiwa na jamaa na majirani shilingi kadhaa kwa kila kilomita atakayoimaliza. Fedha hizo zingewafaa Wakristo wenzao waliofiwa au kupoteza riziki kwa ajili ya imani yao.

Mwalimu mwenzangu aliyekuwa kando yangu aliangua kicheko. "Kama ni msaada," alisema, "si watume pesa kwa simu kisha warudi kulala? Miguu yao itamfaa nini mjane aliye mbali?"

Siku hiyo nilikosa jibu. Leo ningependa kumjibu, na pamoja naye walimu na wanafunzi wanaosoma safu hii.

Jambo hili si geni kwetu. Kila mwaka, Juni 3 inapokaribia, Waafrika Mashariki wengi, Wakenya wakiwemo, hufunga safari ya siku kadhaa kwa miguu hadi Namugongo, nchini Uganda. Huko ndiko vijana wengi wa kasri la Kabaka Mwanga walikochomwa moto mwaka wa 1886 kwa kukataa kuikana dini yao. Mashahidi wanaokumbukwa ni 45: Wakatoliki 22, ambao Papa Paulo wa Sita aliwatangaza watakatifu mwaka wa 1964, na Waanglikana 23. Wengi wao waliswagwa kwa miguu kutoka Munyonyo hadi mahali pa kufia. Anayekwenda Namugongo kwa miguu, basi, hafanyi mchezo. Anajifunza kwa nyayo zake jambo ambalo kitabu cha historia humweleza kwa mistari miwili.

Isitoshe, mateso hayo hayako mbali kama alivyodhani mwenzangu. Katika barabara iyo hiyo ya Juja liko kanisa la Mtakatifu Polycarp. Mnamo Septemba 30, 2012, guruneti lilirushwa hapo wakati watoto walipokuwa katika shule ya Jumapili, na mtoto mmoja akafa. Novemba 22, 2014, basi lililotoka Mandera lilitekwa na magaidi wa Al-Shabaab, nao wasiokuwa Waislamu wakatengwa na kuuawa. Watu 28 waliangamia, wengi wakiwa walimu waliokuwa wakirejea makwao kwa likizo ya Krismasi. Aprili 2, 2015, ikawa zamu ya Chuo Kikuu cha Garissa, ambako watu 148 waliuawa, 142 kati yao wakiwa wanafunzi.

Hapa sina budi kuungama. Baada ya mauaji ya 2014, mwanafunzi wangu wa zamani aliyekuwa akifundisha kaskazini alinijia kutaka ushauri. Nilimwambia asirudi. Mamia ya walimu wengine walikataa kurudi vilevile, na nani angewalaumu? Hata hivyo, swali moja hunikosesha usingizi: watoto aliowaacha darasani, wengi wao Waislamu, walikuwa wamemkosea nini? Hawakumtesa. Walimpoteza mwalimu, nasi tukawasahau.

Ndipo likaja jibu ambalo sikulitarajia. Desemba 2015 basi jingine lilishambuliwa likielekea Mandera. Abiria Waislamu walikataa kutengwa na Wakristo, na baadhi ya wanawake wakawapa wenzao vitambaa vya kujifunika kichwa. Mmoja wa waliokataa ni mwalimu Salah Farah, naibu wa mwalimu mkuu. Alipigwa risasi, na Januari 2016 akafariki akiwa anatibiwa jijini Nairobi. Mwislamu huyu hakuchangia shilingi wala kuhesabu kilomita. Aliutoa mwili wake kuwa ngao ya Wakristo.

Kwa hiyo, ewe mwalimu mwenzangu, miguu ina kazi. Pesa zinaweza kutumwa bila aliyezituma kuhisi chochote. Atembeaye hadi unyayo ukavimba huulizwa na majirani sababu, naye hulazimika kuwataja walioumia, ambao wengine tumekwisha kuwasahau. La hasha, malengelenge si ushahidi wa imani unaolingana na kifo, na asijidanganye yeyote. Ni karo ndogo tu ya somo kubwa.

Hata hivyo, nina maonyo mawili kwa wanaoandaa matembezi haya. La kwanza, hesabu iwe wazi hadi senti ya mwisho, kwa sababu jasho la mama muuza mboga wa Huruma ni amana. La pili, safari isigeuzwe kuwa maandamano ya kuwachukia Waislamu. Hatua chache kutoka hapa petu pana Kiamaiko, ambako Waborana wanatuuzia nyama ya mbuzi waliotoka kaskazini. Hao ni majirani zetu, na magaidi wamewaua ndugu zao pia. Anayetembea kwa ajili ya aliyeteswa kisha akamtukana jirani njiani amepoteza kilomita zake zote.

Walimu, wapeni wanafunzi wenu kisa cha Salah Farah wakijadili. Waulizeni ni nani waliye tayari kusimama mbele yake, na kama sharti awe wa dini yao. Nami niliwahi kualikwa katika matembezi hayo, nikasingizia goti. Kundi hilo litakapopita tena barabara ya Juja, halitanikuta nikisubiri matatu.