Ukipenda, Chongo Huita Kengeza: Siasa Zetu na Mizani Mbili

Mwezi Septemba 2018 Bunge la Taifa lilipitisha kodi ya VAT ya asilimia 8 juu ya mafuta. Awali ilikuwa iwe asilimia 16, Rais Uhuru Kenyatta akapendekeza ikatwe nusu baada ya wananchi kulalamika. Siku hiyo bungeni kulikuwa na zogo, lakini viongozi wa Jubilee na wa ODM walivuta kamba upande mmoja, maana handisheki ya Uhuru na Raila Odinga ilikuwa na miezi sita tu. Naibu wa Rais wakati huo alikuwa William Ruto. Miaka mitano baadaye, Juni 2023, Ruto akiwa Rais mwenyewe, kodi ile ile ilipandishwa hadi asilimia 16 kupitia Sheria ya Fedha. Mara hii ODM na wenzao wa Azimio walipinga kwa nguvu, nao Kenya Kwanza wakatuambia nchi haiendeshwi bila kodi.

Mvuvi wa Kipini anayetia petroli kwenye mashine ya mashua yake hakuona tofauti ya 2018 na 2023 isipokuwa bei. Lakini mabarazani kwetu tofauti ilikuwa kama mbingu na ardhi. Mtu aliyeitetea kodi ya Uhuru kwa hoja nzuri kabisa, kwamba madeni hayana budi kulipwa, aliilaani kodi ya Ruto. Na aliyemlaani Uhuru alikunywa kahawa yake kimya 2023, au akatupa somo la uchumi. Wahenga walishalijua jambo hili zamani waliposema ukipenda, chongo huita kengeza. Ninalotaka kueleza hapa ni vipi jambo hili hutokea kwa watu wenye akili zao timamu, na kwa nini sisi wa Pwani ndio tunaolipa gharama kubwa zaidi.

Tuanze na Katiba, kwa sababu pale Waislamu wa Pwani tulikuwa na hisa yetu. Katika kura ya maamuzi ya Agosti 4, 2010, upande wa "Ndiyo" uliongozwa na Rais Mwai Kibaki na Raila. Upande wa "La" uliongozwa na Ruto, akiwa pamoja na viongozi wengi wa makanisa ambao miongoni mwa malalamiko yao ilikuwa Mahakama ya Kadhi. Sisi tulisimama na "Ndiyo" kwa sababu ya Kadhi na kwa sababu ya ugatuzi, na Ruto tukamuona adui wa vyote viwili. Ikaja BBI. Sasa Raila aliyeipigania Katiba ile ndiye aliyetaka kuibadilisha, na Ruto aliyeipinga ndiye aliyesimama kama mlinzi wake. Mahakama Kuu iliisimamisha BBI Mei 2021, Mahakama ya Rufaa ikaunga mkono Agosti mwaka huo, na Mahakama ya Juu ikafunga mjadala Machi 31, 2022.

Sisemi kuwa hoja hazikuwepo. BBI ilikuwa na ahadi ya asilimia 35 ya mapato kwenda kaunti badala ya kiwango cha chini cha asilimia 15, na kwa kaunti kama Tana River hilo si jambo dogo. Na mtu aliyeshindwa kwenye kura anaweza kuikubali sheria na kuilinda. Huo ni uungwana. Kinachonikera ni kwamba wengi wetu hatukuzipima hoja hizo. Tulitazama aliyesema ni nani, kisha tukaokota hoja njiani. Wengine hata hawakuwa wamesoma kurasa mbili za mswada.

Lakini bandari ndiyo mfano ninaoutaka zaidi.

Agosti 2019 serikali iliagiza mizigo yote ya kwenda Nairobi na bara isafirishwe kwa reli ya SGR. Madereva wa malori, wenye vituo vya makontena, mama ntilie wa Changamwe na Mikindani, mafundi wa magurudumu barabara nzima hadi Mariakani, wote walipigwa na agizo lile. Watu waliandamana Mombasa. Novemba 2020 Mahakama Kuu hapa Mombasa ikasema agizo hilo lilikiuka Katiba. Sasa tujiulize nani alikuwa serikalini 2019. Uhuru alikuwa Rais, Ruto alikuwa Naibu wake, na viongozi wakuu wa ODM walikuwa marafiki wa Ikulu kwa ajili ya handisheki. Kwa hiyo katika miaka ile ambayo mizigo ilikuwa ikipanda behewa, takriban vigogo wote wa siasa ya kitaifa walikuwa ndani ya nyumba au kibarazani mwake.

Ilipofika kampeni ya 2022, Ruto akaizungumzia bandari kana kwamba alikuwa mpita njia. Alipoapishwa Septemba 13 mwaka huo pale Kasarani, akatangaza kuwa shughuli za kutoa mizigo zinarudi Mombasa. Wafuasi wake walishangilia, na hakuna aliyemuuliza alikuwa wapi 2019. Upande wa pili nao, watu waliokaa kimya wakati agizo lilipotoka walipata sauti ghafla na kuikosoa ahadi kabla hata haijatekelezwa.

Halafu kukaja la ubinafsishaji. Kwenye joto la siasa za 2022 viongozi wa Kenya Kwanza walilalamika kuwa serikali ya Uhuru ilitaka kuzikabidhi bandari zetu kwa wageni, na mashabiki wao wakasema bandari imeuzwa. Mwaka uliofuata, serikali ya Kenya Kwanza yenyewe ikatafuta wawekezaji binafsi wa kuendesha baadhi ya magati ya Mombasa na Lamu. Sasa waliolia "imeuzwa" wakasema huo ni uwekezaji, na waliosema 2022 kuwa hayo ni propaganda wakalia "imeuzwa". Yakhe, walibadilishana maneno kama wachezaji wanaobadilishana fulana mwisho wa mechi. Katikati yao alibaki mfanyakazi wa gati aliyetaka kujua jambo moja: mkataba wake wa kazi utakuwaje? Swali hilo halikuwa na chama, na labda ndiyo maana halikupata wa kulibeba.

Hili si gonjwa la Wakenya peke yao. Mwaka 2003 mtaalamu wa saikolojia Geoffrey Cohen alichapisha utafiti aliofanya kwa wanafunzi nchini Marekani. Aliwapa mipango ya serikali ya kuwasaidia maskini, mmoja wa ukarimu na mwingine wa kubana mkono. Wanafunzi walipoambiwa chama chao kinaunga mkono mpango fulani, waliukubali hata kama ulikwenda kinyume na waliyokuwa wakiyaamini. Wenye mrengo wa Democratic walikubali mpango wa kubana, wenye mrengo wa Republican wakakubali wa ukarimu. Na walipoulizwa, walisema wameamua kwa kuutazama mpango wenyewe. Hawakuona kuwa jina la chama ndilo lililowasukuma.

Hapo ndipo ilipo siri. Shabiki wa chama hasemi uongo kwa maana ya kawaida. Anaamini anayosema. Akili hufanya kazi kama wakili aliyelipwa mapema: kesi imeshakubaliwa, kilichobaki ni kutafuta ushahidi. Na kwa sababu ushahidi hupatikana kila upande, wakili huyo hakosi cha kusema. Ndiyo maana kubishana na shabiki kwa takwimu huwa ni kutwanga maji kwenye kinu.

Kwetu Pwani kuna jambo la ziada. Chama si itikadi, ni bima. Basari ya mtoto, barua ya kuingia polisi, kazi ya kaunti, hata hati ya shamba ambalo babu alilima na hakuwahi kuandikiwa, yote hupitia kwa mtu anayejulikana na mtu. Mwenye kuacha chama chake haachi maoni tu, anaacha mlango. Tena hatujawahi kuwa na chombo chetu kilichofika mbali. KADU ya Ronald Ngala iliyodai majimbo ilijivunja 1964 na kuingia KANU, chama kilichoyapinga majimbo hayo hayo. IPK ilinyimwa usajili 1992. PAA ya Amason Kingi ilianza 2022 ndani ya Azimio na kabla ya uchaguzi ikahamia Kenya Kwanza, na Kingi akawa Spika wa Seneti. Abiria wa chombo cha wengine hujifunza kumsifu nahodha yeyote aliyepo, maana hujui lini utashushwa.

Kuna mahali ambapo mizani hii mbili si kichekesho hata kidogo. Pwani imezika na imekosa wa kuzika. Tangu miaka ya Sheikh Aboud Rogo, aliyeuawa kwa risasi Agosti 2012, vijana wa Kiislamu wamechukuliwa majumbani na barabarani na wengine hawakuonekana tena. Haki Africa na MUHURI wamepiga kelele miaka yote hiyo. Wakati huo Wakenya wengi wa bara waliona sawa, kwani waliambiwa ni magaidi. Oktoba 2022 Ruto alikivunja kikosi cha polisi cha SSU akilaani mauaji ya kiholela, na wengi wetu tulisema alhamdulillah, hata tusiompigia kura. Kisha Juni 2024, vijana walipoandamana dhidi ya Mswada wa Fedha, wakaanza kutekwa tena, na Desemba mwaka huo wengine wakachukuliwa. Safari hii bara ndiyo iliyolia. Na sisi? Chama ambacho wengi wetu hukipenda kilikuwa kimeshaingia serikalini, na nikawasikia watu wale wale waliobeba mabango ya "wako wapi watoto wetu" wakisema vijana hawa wa sasa hawana adabu.

Mama ambaye mwanawe hajarudi tangu enzi za Uhuru na mama ambaye mwanawe alichukuliwa enzi za Ruto wana msiba mmoja. Khutba za Ijumaa hutukumbusha aya ya 135 ya Suratun-Nisaa, inayohusu kutoa ushahidi wa haki hata pale unapowagusa jamaa zetu. Msikitini twaitikia vizuri. Tukishavaa viatu nje, hesabu inabadilika.

Lakini si kila anayegeuka ni mnafiki, na hapa nawapinga wale wanaotaka mwanasiasa awe kama jiwe. Watu hubadilika kwa sababu hali imebadilika au wamejua wasilolijua. Mapatano nayo yana faida. Machi 2018 na Machi 2025, Ruto alipotia saini makubaliano na marehemu Raila, nchi ilipumua. Hassan Joho alizuiwa na polisi Machi 2017 asifike kwenye hafla ya Rais ya feri ya Mtongwe. Mwaka mmoja baadaye alikuwa rafiki wa Rais huyo huyo, na Agosti 2024 akawa waziri katika serikali ya Ruto, ambaye alimpinga 2022. Unaweza kusema ni tamaa, unaweza kusema ni kuitafutia Pwani nafasi mezani, hasa kwa wizara inayobeba uchumi wa bahari. Mimi natazama kitu kimoja: sababu ilitangulia cheo, au cheo kilitangulia sababu? Anayekwambia leo kwa nini amebadili msimamo, kisha mwaka ujao akapewa kazi, huyo ana hoja. Anayepewa kazi Jumatatu na kuzinduka Jumanne, mtizame vizuri.

Na hoja ya John Mbadi ni hiyo hiyo. Alikuwa mwenyekiti wa ODM, chama kilichoupinga Mswada wa Fedha wa 2024, mara akawa Waziri wa Fedha. Desemba mwaka huo baadhi ya mapendekezo yaliyoondolewa Juni yalirudi kupitia sheria ya marekebisho ya kodi. Huenda vitabu vya Hazina alivyovikuta vilimfundisha kitu. Basi atueleze hicho alichofundishwa, kwa lugha tunayoielewa.

Juzi nilifanya mchezo kidogo barazani. Niliwasomea wenzangu maneno ya mwanasiasa mmoja kuhusu kodi na maskini, bila kumtaja. Wakayasifu. Mzee mmoja akasema kiongozi kama huyo ndiye tunayemtaka. Nilipotaja jina, mzee akaweka kikombe chini. "Kama ni yeye," akasema, "basi ana lake jambo."

Jaribuni wenyewe. Lichukueni jambo, liondoeni jina, mulihukumu, kisha lirudisheni jina mutazame kama hukumu imesogea. Kwa wagombea wetu kuna njia rahisi zaidi, kwa sababu uchaguzi ni Agosti 10, 2027 na wataanza kuja na bandari mdomoni. Kumbukumbu za mijadala ya Bunge, Hansard, ziko kwenye tovuti ya Bunge na hazilipiwi. Andika jina la mbunge wako, tafuta SGR, tafuta VAT ya 2018 na ya 2023, tafuta Mswada wa Fedha. Wengine mutawakuta wamesema mengi. Wengine hamtakuta hata sentensi moja, na huyo naye muulizeni siku atakapokuja na kofia na leso.