Magofu ya Abasia ya Fountains

Karibu na mji wa Ripon, katika jimbo la Yorkshire kaskazini ya Uingereza, liko bonde jembamba lipitiwalo na mto Skell. Humo yamesimama magofu ya Fountains, nyumba ya watawa iliyokuwa miongoni mwa zile tajiri kabisa katika nchi ile. Nayo ilianzishwa na watu walioukimbia utajiri!

Mwaka 1132 watawa 13 walitoka katika nyumba yao mjini York, kwa kuwa waliona maisha ya humo yamelegea. Askofu Mkuu Thurstan akawapa bonde hilo, nalo wakati ule lilikuwa pori la miamba na miiba. Husimuliwa kwamba walilala chini ya mti mkubwa, na njaa ilipozidi walichemsha majani wakala. Wakajiunga na shirika la Cîteaux la Ufaransa, lililoshika sala, kimya na kazi ya mikono.

Utajiri uliwafuata kwa njia ya kondoo. Kazi nyingi zilifanywa na mabradha, wengi wao watu wasiojua kusoma. Ndio waliochunga, waliolima na waliojenga. Ghala yao ingaliko, urefu wake futi 300 hivi, na dari yake ya mawe inashikwa na safu ya nguzo zinazotanuka juu kama makuti ya mnazi. Sioni jengo jingine pale lipitalo hilo kwa uzuri, ingawa lilijengwa kwa ajili ya magunia na watu wa kazi.

Manyoya yaliuzwa kwa wafanyabiashara wa Italia, ambao pengine walilipa kabla kondoo hawajakatwa. Huo ulikuwa mtego. Mwishoni mwa karne ya 13 maradhi yaliwashika kondoo, fedha zilikwisha kutumika, na abasia ikazama katika deni.

Hata hivyo iliinuka tena. Abati Marmaduke Huby, aliyetawala tangu 1495 hata 1526, alijenga mnara wa futi 160 hivi, ijapokuwa wazee wa Cîteaux walikataza minara ya fahari. Miaka 13 baada ya kufa kwake, mwaka 1539, Mfalme Henry wa Nane aliifunga nyumba hiyo. Risasi ya paa ilibanduliwa, mvua ikaingia. Mahali pale paliuzwa kwa tajiri wa London, Richard Gresham, na baadaye mawe mengine yakachukuliwa kujengea jumba lililo jirani.

Kinu cha maji peke yake hakikuguswa. Kilijengwa na watawa katika karne ya 12, nacho kiliendelea kusaga nafaka hata karne ya 20.