Jinsi hesabu ya dakika ilivyoiponza Kencell

MFANYABIASHARA wa miraa mjini Maua, Meru, hahitaji dakika nzima kumwuliza mwenzake wa Nairobi bei ya siku. Miraa hunyauka upesi na gari linasubiri. Atauliza bei, atataja idadi ya mabunda, kisha atakata simu. Mazoea hayo ya kusema kwa ufupi ndiyo yaliyopuuzwa na wakuu wa Kencell walipoingia katika soko la simu za mkono mwaka wa 2000.

Kencell ilimilikiwa na Vivendi ya Ufaransa kwa asilimia 60 na kundi la Sameer la Bw Naushad Merali kwa asilimia 40. Mshindani wake, Safaricom, ilikuwa ya Telkom Kenya na Vodafone ya Uingereza. Kencell iliwatoza wateja kwa dakika. Safaricom, chini ya Bw Michael Joseph, ikawatoza kwa sekunde.

Tuseme dakika moja ni Sh20. Aliyezungumza kwa sekunde 70 alihesabiwa dakika mbili, akalipa Sh40, ilhali kwa sekunde angelipa Sh23 na senti kadhaa. Aliyeongea kwa sekunde 15 alilipa Sh20 badala ya Sh5. Kwa mtu wa ofisini ambaye bili yake hulipwa na mwajiri, tofauti hiyo si kitu. Kwa mkulima wa kahawa wa Runyenjes, Embu, au mama anayeuza viazi katika soko la Gakoromone, hiyo ni pesa ya sukari.

Haifai kuwaita wakuu hao wajinga. Mwaka wa 1999 wateja wa simu za mkono nchini hawakufika 50,000, na chombo chenyewe kilikuwa cha matajiri. Aliyetazama mapato ya kila simu moja aliona faida katika hesabu ya dakika. Kilichomponyoka ni kwamba wateja wengi zaidi walikuwa bado hawajanunua simu, na hao ndio wangeamua mshindi.

Ugumu wa biashara hii ni kwamba mteja huwafuata jamaa zake. Kupiga simu kwa mtandao mwingine kulikuwa ghali kuliko kupiga ndani ya mtandao mmoja. Hivyo familia ikishahamia upande mmoja, mjomba naye hana budi. Kencell ilipokuja kukubali kutoza kwa sekunde, vijiji vingi vilikuwa vimekwisha kuchagua.

Yaliyofuata yaliongeza chumvi kwenye kidonda. Celtel ilichukua kampuni hiyo mwaka wa 2004, jina likawa Zain mwaka wa 2008, kisha Airtel mwaka wa 2010. Majina manne katika miaka kumi! Kila mwenye mali mpya alikuja na mpango wake na rangi zake, huku mpinzani akibaki na jina lile lile na, tangu Machi 2007, akiwa na M-Pesa. Zain ilijibu kwa Zap mwaka wa 2009, miaka miwili baadaye.

Agosti 2010 kampuni hiyo ilishusha bei hadi Sh3 kwa dakika. Wateja wengi walinunua laini ya pili kwa ajili ya unafuu huo, lakini ile ya kwanza hawakuitupa, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na pesa zao.