Diski Ngumu Inapoanza Kufa: Kunakili Kwanza, Kutengeneza Baadaye

Katika shule nyingi, alama za mitihani, orodha za wanafunzi na barua za ofisi huhifadhiwa ndani ya kompyuta moja. Kompyuta hiyo ikiharibika, mashine nyingine yaweza kununuliwa. Lakini alama za miaka mitatu haziuzwi dukani. Katika makala haya tutaeleza jinsi diski ngumu inavyofanya kazi, kwa nini huharibika, na hatua zipi zifuatwe mara dalili za kwanza zionekanapo.

Ndani ya diski

Diski ngumu ya kwanza kuuzwa ilitengenezwa na kampuni ya IBM ya Marekani mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, kila moja ikiwa na kipenyo cha sentimita 61 hivi, na iliweza kuhifadhi herufi milioni 5 tu. Diski ya leo inayoenea kiganjani huhifadhi zaidi ya mara laki moja ya kiasi hicho, lakini kanuni haikubadilika. Sahani zilizopakwa utando mwembamba wa sumaku huzunguka, na kichwa kidogo kilicho kwenye ncha ya mkono husoma na kuandika alama za sumaku juu yake.

Hebu tupige hesabu. Sahani yenye kipenyo cha milimita 95, ikizunguka mara 7,200 kwa dakika, hukamilisha mizunguko 120 kila sekunde. Kwa hiyo ukingo wake husafiri kwa kasi ya mita 36 hivi kwa sekunde, yaani karibu kilomita 130 kwa saa. Juu yake kichwa huelea kwa umbali wa nanomita chache tu, ilhali unene wa unywele wa binadamu ni makumi ya maelfu ya nanomita. Kwa kichwa hicho, chembe ya vumbi ni mlima.

Kichwa kikigusa sahani hukwangua ule utando wa sumaku. Ungaunga unaobanduka huweza kusababisha mikwaruzo mingine, na mikwaruzo hiyo huzaa ungaunga zaidi. Ndiyo sababu diski iliyokwisha kuumia huweza kuzidi kuharibika kadiri inavyoendelea kuzunguka.

Dalili za hatari

Dalili zinazojulikana ni hizi: faili huchukua muda mrefu mno kufunguka, nyingine hukataa kabisa au hutoweka, kompyuta hugoma mara kwa mara, na diski hutoa sauti ya kugonga au kukwaruza. Aidha, diski nyingi huweka kumbukumbu ya afya yao wenyewe, ijulikanayo kwa jina la SMART, ambayo huhesabu sehemu zilizoharibika na kubadilishwa kwa sehemu za akiba.

Hata hivyo kumbukumbu hiyo isiaminiwe kupita kiasi. Mwaka 2007 watafiti wa kampuni ya Google walitoa matokeo ya uchunguzi wa diski zaidi ya laki moja. Waliona kwamba, baada ya kosa la kwanza kugunduliwa wakati wa ukaguzi wa uso wa diski, uwezekano wa diski hiyo kufa katika siku 60 ulikuwa mara 39 ya ule wa diski zisizo na kosa. Lakini zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha hata moja ya dalili nne kuu za SMART. Dalili, basi, ni sababu ya kuharakisha. Kukosekana kwa dalili si dhamana.

La kufanya

Kwanza, usiandike chochote zaidi katika diski hiyo, wala usiendeshe programu za kuirekebisha. Programu hizo huandika juu ya sahani, na huweza kufuta kile unachotaka kukiokoa.

Pili, ikiwa diski bado inasomeka na haina sauti ngeni, nakili faili zenye thamani kubwa kwanza kwenye diski nyingine iliyo nzima. Fundi aweza pia kunakili diski nzima kwa programu kama ddrescue, ambayo huchukua kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, kisha huzirudia zile ngumu.

Tatu, ikiwa diski inagonga au kukwaruza, izime mara moja. Usiifungue, kwa maana vumbi la chumba litaingia. Wala usiitie katika jokofu kama wasemavyo wengine, kwa maana unyevu utaganda juu ya sahani. Kazi hiyo ni ya wataalamu wenye chumba kisicho na vumbi, na gharama yake ni kubwa.

Kinga

Diski za kisasa zisizo na sehemu zinazozunguka hazina kichwa cha kukwaruza, lakini nazo hufa, pengine bila onyo lolote. Kwa hiyo kanuni ni moja kwa zote: ziwepo nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja ikae mahali pengine mbali na jengo hilo. Kila mwisho wa juma mwalimu mmoja apewe jukumu la kunakili, na kila muhula nakala hizo zifunguliwe kuhakikisha kwamba zinasomeka. Nakala isiyowahi kufunguliwa haijathibitishwa kuwa nakala.